Miaka 24, daraja la tatu, mechi tisa bila bao: nisaini wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, nacheza namba tisa daraja la tatu. Msimu uliopita nilifunga mabao 14. Msimu huu nilianza vizuri nikafikisha manane, kisha nimekaa mechi tisa sijafunga. Mkataba wangu unaisha mwisho wa msimu. Klabu yangu inataka kunipa miaka miwili mingine, ila naidai mishahara ya miezi miwili. Timu moja ya daraja la pili inanitaka kwa mwaka mmoja, na mshahara wao ni wangu wa sasa na nusu yake, lakini wana mastraika wawili ambao najua watakuwa mbele yangu. Wakala anasema nisaini haraka kabla hawajabadili mawazo. Nisaini wapi? Na kwa umri huu bado mtu anaweza kupanda, au nimeshafika nilipoandikiwa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usisaini popote wiki hii. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho limegota palepale, kwenye neno "haraka". Mkataba wako bado unaishi. Timu inayokutaka kwa dhati leo itakutaka hata baada ya siku kumi utakazotumia kusoma karatasi. Huyo wakala tutamrudia. Kwanza nikutoe hofu ya umri, kwa sababu naona ndiyo inayokusukuma kwenye hayo mengine yote.

Miaka 24 kwa mshambuliaji si uzee. Rickie Lambert aliachwa na Liverpool akiwa na miaka 15. Alipoachwa tena na Blackpool alikuwa akifanya mazoezi na Macclesfield bila mshahara, huku akijipatia riziki kwenye kiwanda cha kusindika bitiruti. Alipokuwa na umri wako alikuwa daraja la nne England. Southampton walimchukua mwaka 2009 wakiwa daraja la tatu, akawa mfungaji bora wa ligi hiyo msimu wake wa kwanza, kisha wakapanda mara mbili mfululizo, 2011 na 2012. Agosti 2013, akiwa na miaka 31, aliingia akitokea benchi, England ikicheza na Scotland uwanja wa Wembley, na mguso wake wa kwanza kabisa akiwa na jezi ya taifa ulikuwa bao la kichwa, bao la ushindi. Jamie Vardy kwa umri wako alikuwa nje kabisa ya madaraja manne ya kulipwa. Leicester walimnunua 2012 akitokea Fleetwood, akawa bingwa wa Ligi Kuu England 2016, na kiatu cha dhahabu, tuzo ya mfungaji bora, akakichukua msimu wa 2019/20 kwa mabao 23, ana miaka 33. Italia kulikuwa na Dario Hübner, aliyeionja Serie A, ligi kuu ya huko, kwa mara ya kwanza mwaka 1997 akiwa na miaka 30. Msimu wa 2001/02 alimaliza na mabao 24 akiwa na Piacenza, sawa na David Trezeguet wa Juventus, wakagawana ufungaji bora.

Sikutajii majina haya ili uyabebe kama ahadi. Kwa kila Lambert mmoja wapo mamia waliomaliza palepale walipoanzia, na wengi wao walikuwa wachezaji wazuri kweli. Mwaka 2016 chama cha wachezaji cha dunia, FIFPRO, kiliwahoji wachezaji karibu 14,000. Zaidi ya asilimia 45 walikuwa wakipokea chini ya dola 1,000 kwa mwezi, asilimia 41 walikuwa wamecheleweshewa mishahara katika misimu miwili iliyotangulia, na mkataba wa wastani haukufika hata miaka miwili. Hayo ndiyo mazingira ya kazi yetu, na wewe tayari yamekugusa. Nimewataja hao watatu kwa sababu moja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepanda akitokea kusugua benchi. Kila hatua waliyopiga waliipiga wakiwa wanacheza kila wiki na kufunga mahali ambapo watu wanaweza kuhesabu. Lambert alipita Rochdale na Bristol Rovers, akawa straika wa kutegemewa kote huko, ndipo Southampton wakamwona.

Hapo ndipo uamuzi wako ulipo. Straika wa daraja la chini ana bidhaa moja tu ya kuuza sokoni, nayo ni dakika uwanjani zenye mabao ndani yake. Mshahara unalipa kodi ya nyumba ya mwezi huu. Dakika ndizo zitakazolipa mkataba unaofuata.

Tuhesabu pamoja. Tuseme umeenda daraja la pili na mambo yamekwenda kama wewe mwenyewe unavyotabiri: mastraika wawili mbele yako, wewe unaingia dakika 20 za mwisho katika mechi 20. Hizo ni dakika 400. Hazifiki mechi tano kamili. Straika anayefunga bao moja kila dakika 200, na huyo ni straika mzuri, atamaliza msimu na mabao mawili. Kwenye karatasi itaandikwa: mechi 20, mabao 2. Anayeisoma karatasi hiyo ofisini kwake hajui kwamba mechi kumi kati ya hizo uliingia timu imeshafungwa tatu na kila mtu amechoka. Anaona mawili. Na wewe utakuwa na miaka 25, mkataba wa mwaka mmoja umekwisha, unatafuta timu ukiwa na mabao mawili mkononi badala ya 14.

Kweli, mabadiliko ya wachezaji watano, yaliyoingizwa moja kwa moja kwenye sheria za mchezo mwaka 2022, yamewafungulia wachezaji wa akiba mlango kuliko enzi zetu. Lakini mlango huo hukupa dakika za mwisho, mara nyingi pembeni, mara nyingi kwa kazi ya kukimbiza mabeki. Straika anajijenga kwa kuanza mechi, akakosa nafasi dakika ya kumi, akaikosa nyingine dakika ya arobaini, na bado akawepo uwanjani dakika ya sabini nafasi ya tatu ikija.

Hata hivyo sisemi daraja la pili ulikatae moja kwa moja. Nataka uwaulize mambo manne, na umuulize kocha mwenyewe kwa sauti yake, usiridhike na salamu za kupelekewa. Nani alipendekeza jina langu, wewe au mkurugenzi? Hao mastraika wawili mikataba yao inaisha lini? Timu inashambulia kwa krosi, kwa mipira mirefu, au kwa pasi za chini za kupenya? Na nikifika wiki ya kwanza, unaniona nikicheza wapi? Kocha aliyekufuatilia atakujibu swali la nne bila kufikiri, atakueleza hata bao lako gani lilimvutia. Kocha ambaye jina lako aliletewa mezani atasema "tutaona kwenye maandalizi". Jibu hilo lichukue kama lilivyo: hana mpango na wewe.

Ikiwa majibu ni mazuri, omba miaka miwili badala ya mmoja, na omba iandikwe kwamba kama hadi dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu, hujacheza idadi fulani ya dakika, klabu itaridhia uende kwa mkopo, ukacheze timu nyingine kwa muda. Mkopo hauna aibu. Harry Kane alitolewa kwa mkopo Leyton Orient, Millwall, Norwich na Leicester kabla Tottenham hawajamkabidhi namba. Ollie Watkins alipelekwa na Exeter kwenda Weston-super-Mare, daraja la sita, akakomaa huko. Kisha Brentford wakamchukua kama winga, wakamhamishia katikati msimu wa 2019/20 akafunga mabao 26, na mwaka 2024 bao lake la dakika ya 90 liliipeleka England fainali ya Euro. Jua tu kwamba kanuni za FIFA zinakuruhusu kusajiliwa na klabu zisizozidi tatu ndani ya msimu mmoja, na kucheza mechi za mashindano kwa mbili tu. Ukishachezea mbili, mlango wa tatu umefungwa hadi msimu mwingine, kwa hiyo mkopo wa pupa unaweza kukuacha jukwaani miezi mingi.

Ningekuwa wewe, kwa hayo uliyoniandikia, ningebaki. Lakini nisingebaki kwa karatasi hiyo wanayokupa sasa. Nitaeleza kwa nini nikimaliza habari ya mechi tisa.

Mechi tisa bila bao zinaumiza, najua. Usiku unalala na ile nafasi moja. Lakini kabla hujaanza kujitilia shaka, fanya hesabu nyingine. Kwa kawaida ya mpira wa miguu, mashuti kumi huzaa bao moja hivi. Straika anayepata mashuti mawili kwa mechi atapiga 18 katika mechi tisa, na kwa hesabu ya bahati peke yake, uwezekano wa mashuti hayo yote 18 kukosa ni kama 15 katika 100. Maana yake ni kwamba katika kazi ya miaka kumi ukame wa aina hiyo utakupata, tena zaidi ya mara moja, hata ukiwa kwenye ubora wako. Swali la kujiuliza ni moja: je, bado napata mashuti mawili kwa mechi?

Chukua video za mechi hizo tisa. Usitazame mpira, jitazame wewe. Hesabu mashuti, kisha hesabu mara ngapi umegusa mpira ndani ya boksi. Ukikuta mashuti yako 18 au 20 na mengi ni ya ndani ya boksi, usibadili kitu, endelea kufika hapohapo, mabao yatarudi. Ukikuta mashuti sita, hapo hakuna cha bahati. Umehama.

Nimefundisha washambuliaji miaka mingi na ugonjwa huu ni uleule. Straika akikosa bao mechi mbili anaanza kushuka kuufuata mpira. Anaupokea katikati ya uwanja, anapiga pasi nzuri, mashabiki wanapiga makofi, anajisikia yumo mchezoni. Winga anapofika kwenye kibendera na kuinua macho, ndani ya boksi hakuna mtu. Straika wetu yuko mita 30 nyuma, anakuja mbio. Kocha haoni kosa, kwa sababu kijana anajituma sana. Bao tu ndilo halipo.

Nilikuwa na kijana mmoja, mwenye kasi na kichwa kizuri, aliyekuja kwangu baada ya mechi kumi na moja kavu. Tulikaa na kompyuta, tukakata krosi zote za timu yake, tukazitazama moja moja huku nikisimamisha picha pale mguu wa winga unapogusa mpira. Karibu kila picha ilikuwa ileile: yeye amesimama wima kwenye nukta ya penalti, beki mbele yake, macho yote mawili kwenye mpira. Nikamuuliza, "Beki anakuona?" Akasema ndiyo. "Na mpira anauona?" Akanyamaza kidogo, akasema ndiyo. Siku ile somo lilikuwa hilo tu. Beki ana macho mawili lakini shingo moja. Ukisimama mahali ambapo anakuona wewe na mpira kwa pamoja, umemrahisishia kazi. Winga anapojiandaa, piga hatua mbili kwenda mbali na mpira, nyuma ya bega la beki, kule asikoweza kukuona bila kugeuza kichwa. Akigeuka kukutafuta, ameupoteza mpira, nawe unakata mbele yake kuelekea mlingoti wa karibu. Asipogeuka, unabaki nyuma na mpira unapita juu yake ukushukie mlingoti wa mbali. Kosa la straika mchanga ni kuanza mbio mapema. Anafika kabla ya mpira, anasimama kuusubiri, na ukishasimama beki amekukamata. Chelewa nusu sekunde, kisha nenda kwa kasi yako yote.

Tulifanya zoezi hilo peke yake wiki tatu, kila siku dakika 20 baada ya mazoezi ya timu, kwanza bila mpira kabisa. Mlinzi wa uwanja alidhani tumechanganyikiwa. Bao lake la kwanza baada ya hapo aligusa mpira mara moja tu, mita tatu kutoka golini, na mtu aliyekuwa nje ya mchezo huu angesema ni bahati.

Tazama pia mpira unaorudishwa nyuma kutoka kwenye mstari wa goli. Winga akifika pale, mabeki wote hukimbilia golini kwao, na wewe ukikimbia nao unakuwa mmoja wao. Simama. Kaa mita kumi, kumi na moja kutoka golini, uwanja utakuwa mtupu mbele yako, na kwa kuwa uko nyuma ya mpira hakuna mwamuzi atakayeinua kibendera cha kuotea. Na mwenzako akipiga shuti, usimame kutazama kama mshabiki? Hapana, ondoka pale mguu unapogusa mpira, kwa sababu kipa akitema, mpira huanguka ndani ya mita chache na wa kwanza kufika ndiye mwenye bao. Ila hakikisha shuti linapopigwa hukuwa umeotea. Mpira uliotemwa na kipa haufuti kuotea kwako, na nimeona mabao mengi mno yakikataliwa kwa hatua moja hiyo.

Jambo dogo: kama timu yako haina mpigaji penalti maalumu, ziombe. Penalti huingia kama mara tatu katika kila nne. Nne kwa msimu ni mabao matatu, na kwenye karatasi ya straika mabao matatu ni tofauti kati ya 11 na 14.

Mwili sitauzungumzia sana, hukuuliza. Linda tu msuli wa nyuma ya paja, kwani ndio unaoumiza wachezaji wa kulipwa kuliko mwingine wowote, na aliyewahi kuuchana yuko hatarini zaidi kuuchana tena. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, jishushe mbele polepole ukijizuia kwa msuli huo hadi mikono iguse chini. Zoezi hilo, likifanywa msimu mzima, limeonekana kupunguza majeraha hayo kwa karibu nusu. Halihitaji chumba cha mazoezi wala pesa, kwa hiyo hata klabu isiyolipa mishahara haiwezi kukunyima.

Sasa karatasi. Nilipokuwa na miaka 26 nilisaini mwaka mmoja, na chini kulikuwa na sentensi: klabu itakuwa na hiari ya kuongeza mwaka mmoja kwa masharti yaleyale. Niliisoma, nikaona ni heri, kumbe nina uhakika wa miaka miwili. Sikuona neno "klabu". Hiari ilikuwa yao, si yangu. Nilifunga mabao 17, timu tatu zikaniulizia, klabu ikatumia hiari yake nikabaki kwa mshahara uleule. Mwaka uliofuata nikaumia goti miezi miwili kabla ya mwisho wa msimu, mkataba ukaisha nikiwa na magongo, na gharama za goti zikawa zangu. Yote yalikuwa kihalali kwa mujibu wa karatasi niliyoisaini mwenyewe. Tangu hapo kila kijana anayeniletea mkataba namwomba achukue kalamu nyekundu, apigie mstari kila mahali palipoandikwa "hiari", kisha aniambie hiari hiyo ni ya nani.

Kwenye huo mkataba wa miaka miwili wa klabu yako, dai vitu vitatu. Kwanza, kifungu cha kuachiwa, yaani timu nyingine ikilipa ada iliyoandikwa humo klabu ikuache uende, na ada hiyo iwe kiasi ambacho timu ya daraja la pili inaweza kukilipa kweli. Wakiandika kiasi kikubwa mno, kifungu hicho ni pambo. Pili, matibabu: ukiumia ukiwa kazini, klabu ikutibu hadi upone hata kama tarehe ya mkataba imepita. Tatu, bonasi ihesabiwe kwa mechi ulizocheza, isiwe ulizoanza, na ya mabao ianze bao la kwanza, isisubiri la kumi. Kuna mikataba ambayo bonasi ya mabao huanza la kumi, na nimeona straika mwenye tisa akiwekwa benchi mechi tatu za mwisho. Sitamsema kocha, lakini kijana yule hakusahau.

Na mkataba wa daraja la pili ukikuletea sentensi kwamba utakuwa halali baada ya kufaulu vipimo vya afya, wakumbushe kwa adabu kwamba kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wa mkataba kutegemea vipimo. Wakupime kwanza, ndipo msaini. Ukisaini kwanza na kuiaga klabu yako, halafu wakasema goti lina kasoro, utakuwa umebaki katikati ya mto.

Wakala. Muulize swali moja uso kwa uso: katika usajili huu unalipwa na nani? Analo jukumu la kukujibu. Wakala akitaka kukuwakilisha wewe na klabu inayokusajili kwa pamoja, hakikisha nyote mmekubali kwa maandishi kabla. Kama malipo yake yanatoka kwa timu ya daraja la pili, sasa umeelewa haraka inatoka wapi. Huenda bado ni mtu mwema, wapo wengi wema. Angalia pia mkataba wako naye: kwa kanuni za FIFA hauruhusiwi kuzidi miaka miwili.

Naye akikutisha kwamba mkataba ukiisha bila kusaini utapotea, mweleze habari za Adebayo Akinfenwa. Mei 2016 alifunga penalti Wembley kwenye fainali ya mchujo, AFC Wimbledon wakapanda daraja la tatu. Dakika chache baadaye, mbele ya kamera, akasema kwa wakati huo hana kazi, makocha wamtafute WhatsApp. Alikuwa na miaka 34. Wycombe wakamchukua, akakaa nao hadi 2022, akacheza nao hadi daraja la pili, akatundika daluga akiwa na miaka 40 na mabao zaidi ya 200. Karibu maisha yake yote ya mpira yalikuwa daraja la tatu na la nne. Mdogo wangu, hiyo ni kazi iliyofanikiwa. Lambert alipanda, Akinfenwa alidumu, na wote wawili waliishi kwa mpira kwa sababu kila mahali walipoenda walicheza.

Limebaki deni lako, nalo ndilo la kufanya kwanza, kabla hata ya kuwajibu wote wawili. Tangu 2018 kanuni za FIFA zinasema hivi: klabu isipokulipa isivyo halali mishahara isiyopungua miwili ya mwezi, unayo sababu ya haki ya kuvunja mkataba, mradi umewaandikia kuwadai na kuwapa siku zisizopungua 15 walipe. Barua ndiyo kila kitu. Wachezaji wengi wanalalamika kwa mdomo miezi sita, kisha wanaacha kwenda mazoezini kwa hasira, na siku ya shauri wao ndio wanaoonekana wamevunja mkataba. Usiache mazoezi. Na usikae na deni ukisubiri huruma, kwa sababu FIFA haisikilizi shauri ambalo limepita miaka miwili tangu lilipotokea.

Kwa hiyo leo jioni andika. Jina lako, tarehe ya mkataba, miezi miwili usiyolipwa uitaje kwa majina yake, kiasi cha kila mwezi, na sentensi moja kwamba unaiomba klabu ikulipe ndani ya siku 15 kuanzia tarehe ya barua. Usitukane, usitishie, usitaje timu nyingine. Itume kwa barua pepe rasmi ya klabu, nakala kwa chama cha wachezaji, na nyingine ipeleke kwa mkono katibu akusainie kwamba ameipokea. Klabu inayotaka kukufunga kwa miaka miwili itakuonyesha ndani ya siku hizo 15 kama ina uwezo wa kukulipa hata miezi miwili. Wakilipa, keti nao mezani na vile vifungu vitatu. Wasipolipa, piga simu daraja la pili, uliza yale maswali manne, na karatasi yao nitumie kabla hujashika kalamu.